Maji ya Kikombe cha Bati

Musaga, Bujumbura, Jumatatu

Mama yangu mupenzi,

Mi mutoto wako Riziki ninakusalimu toka huku mbali. Mugongo unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilifika, ao Mama Nabintu aliisahau tena mu mizigo yake ya vitenge? Na mihogo, ilikauka mbele ya mvua? Mi niko muzima wa mwili. Moyo njo hautulii, na ndiyo maana ninaandika. Kwa simu ungeniuliza "unasema nini?" mara tatu, shangazi angejibu kwa nafasi yako, na kredi ingekwisha mbele sijafika kwenye jambo lenyewe. Mudogo wangu Bahati atakusomea. Bahati, soma pole pole, na usiruke kitu.

Mama, unajua ndoa yangu na Espoir Ciza ilibakiza wiki tatu. Ilikuwa ifungwe mu kanisa lao, mule ninaimba kwaya tangu miaka miwili. Sasa lile kanisa lilipata muchungaji mupya. Ule wa zamani hakuuliza mutu alitoka wapi. Ukipiga magoti ukaomba, basi, uko mutu wao. Huyu mupya alianza na swali moja: kati yetu, nani ni mukristo wa kweli? Na jibu alikuwa nalo tayari. Aliyezamishwa mu maji mengi, kichwa na miguu, huyo ni wa Yesu. Aliyemwangiwa matone akiwa mutoto muchanga, hata afunge na kuomba kila siku, ni mugeni tu. Akatuambia sisi wa matone tusimame, tutazamishwa upya mu ziwa, na asiyekubali hatafungishwa ndoa mule. Tulisimama watu kumi na moja. Nikageuka, na nani ninamuona amesimama nyuma yangu? Mama Espoir, mama mukwe wangu, yeye ambaye alikuwa ananirekebisha hata namna ya kusema amina!

Tangu siku ile hakukuwa tena amani. Mu atelye yangu ya kushona wateja walibishana mupaka nikachoma kola ya mutu na pasi. Mumoja anasema mwizi wa musalabani hakuzamishwa popote na alienda paradiso, mwingine anasema mukristo wa matone ni kama diplome bila mitihani. Kwenye kwaya walitusukuma musitari wa nyuma, na rafiki yangu tuliyekuwa tunashika kitabu kimoja akaanza kuja na chake. Iliniuma, Mama. Mama Espoir yeye aliapa kwamba ataingia mu ziwa, na akaniambia mbele ya wageni, bila kunitazama, "Mutoto wangu hataoa mupagani."

Nilimuendea Espoir. Akanishika mikono na kuniambia ni maneno machache tu, niyaseme, nitoke mu maji, tuoane. Ninamupenda yule kijana, lakini siku ile nilitamani kumupiga na viatu. Juu ya nini? Juu yale maneno ni haya: "Mbele ya leo sikuwahi kubatizwa."

Wewe njo ulinihadisia. Nilikuwa na siku tisa, muko mu njia ya kukimbia vita, mwili wangu unachemka, nimeacha kunyonya. Padri hakukuwa. Ulichota maji mu kikombe cha bati, ukanimwangia kichwani, ukasema maneno, ukakaa kungoja nife. Sikukufa. Miezi ilipita, padri akakuuliza ulisema nini, ukamuambia, na yeye akasema inatosha, akanipaka mafuta tu. Sasa mi nisimame mbele ya watu na kusema ile siku hukufanya kitu?

Usinikasirikie, Mama. Nilikuwa nimeamua kuyasema yale maneno. Nilikuwa na haya, lakini nilikuwa nimeamua. Hata kanzu nyeupe mi njo nilizishona, zote kumi na moja, na mu pindo nikaweka vijiwe juu nguo isipande mu maji. Ya Mama Espoir niliirudilia mara mbili, alisema mabega yanabana.

Jana asubuhi tulishuka ku ziwa, upande wa Kinindo, kwa miguu, juu gari hazina mafuta. Shemasi mumoja aliwekwa kuchunga viboko wasitukaribie. Muchungaji aliingia mupaka kiunoni, akasema vijana watangulie. Wawili wa kwanza walijibu haraka, wakazama, watu wakapiga vigelegele. Mi nilikuwa wa tatu, na Mama Espoir nyuma yangu.

"Riziki, mbele ya leo ulibatizwa?"

"Ndiyo," nikasema.

Aliinama, akafikiri mawimbi yamemuchanganya. Akauliza tena.

"Ndiyo, muchungaji. Nilibatizwa. Mama yangu njo alinibatiza."

Kule inje mutu alicheka. Muchungaji hakucheka, na hakukasirika, na hiyo njo iliniumiza zaidi. Alisema kwa sauti ya chini, "Binti, yale yalikuwa maji tu. Mama yako alikuwa na woga." Nikamujibu kwamba ndiyo, ulikuwa na woga. Akanionyesha njia ya kutoka.

Nilijua ndoa imekwisha. Nilimutafuta Espoir kwa macho, alikuwa anatazama viatu vyake. Halafu mukono ukanikamata kwa nguvu, wa Mama Espoir, na nilifunga macho juu nilijua atanipiga kofi. Lakini alikuwa anamutazama muchungaji.

"Na wangu?" akamuuliza.

"Wako gani, mama?"

"Bukuru na Butoyi. Niliwamwangia maji mi mwenyewe, na kifuniko cha termosi. Kulipokucha walikuwa wamekufa wote wawili. Kama yalikuwa maji tu, wao ni wa nani?"

Mama, kwa Warundi Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha, na Espoir anaitwa Ciza. Nilijua vizuri ni jina la mwenye kufuata mapacha, na miaka yote hii sikuwahi kuuliza mapacha wenyewe wako wapi. Muchungaji alisema hilo wataliongea mu ofisi. Mama Espoir akamujibu kwamba yuko mu maji sasa, amujibu sasa. Muchungaji akaita wa tano. Basi Mama Espoir alinivuta tukatoka, kanzu zimetulemea, vijiwe vinatugonga ku miguu.

Majina yetu yamefutwa mu kanisa, ya Espoir pia, juu alitufuata. Alilia njia yote. Hata yeye hakujua habari ya kifuniko cha termosi. Ananioa, anasema, lakini wapi na lini hatujui, na ninaogopa.

Umusalimie shangazi Faida, umuambie kitambaa chake nitakishona. Umusalimie baba mudogo aliyepokea mahari yangu, umueleze wewe mwenyewe, juu yeye ana hasira za haraka. Na bibi wa jirani aliyekushikia kile kikombe, kama angali muzima, umushike mikono yote miwili kwa ajili yangu.

Mama, niko na ombi moja. Jana jioni Mama Espoir alikuja kwangu, akaketi, chai hakuigusa. Aliniuliza ulisema maneno gani siku ile. Nikamuambia sijui, nilikuwa na siku tisa. Yule mama ameogopa zaidi ya miaka makumi tatu. Hakumuambia padri, hakumuambia bwana yake. Anafikiri kwa ile haraka alisahau jina moja, kati ya Baba na Mwana na Roho Mutakatifu, na hakumbuki tena alisema mangapi. Anataka kujua wewe ulisema namna gani, na kama hata wewe uliyachanganya, na padri akasema inatosha.

Bahati, andika vile Mama anasema, hata kama ni kwa Mashi, lugha yetu, usirekebishe hata neno moja. Mama Espoir hajui Mashi, lakini atahesabu majina.

Mutoto wako uliyemwangia maji,
Riziki