Picha ya Minza na ndoo

Jumatatu, saa nane mchana hivi. Wingu limejaa Masumbwe tangu asubuhi na mvua haidondoki. Joto tu, vumbi tu, na mimi nimekaa kwenye cherehani nimeshika simu badala ya kushona.

Niseme ukweli, leo sina hamu ya kuchekesha mtu.

Mliozoea kuingia humu tucheke mtanisamehe. Kawaida yangu mnaijua: naweka picha ya wanangu wamevaa gauni za kitambaa kimoja, naandika maneno mawili matatu, namsema jirani kidogo bila kumtaja, tunacheka, tunaachana. Blogu hii alinifungulia binti wa jirani yangu Mama Suzi, akasema nitapata wateja wa kushona. Wateja walikuja watatu. Wambea walikuja wengi. Nikawapenda haohao wambea, maana ni wenzangu.

Kwa mgeni aliyeingia leo, mimi ni Mama Minza, fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Mume wangu anasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, anatoka asubuhi, anarudi jioni mweupe kama kaanguka kwenye gunia la sembe. Nimezaa nikiwa mtu mzima. Watu walishakata tamaa na tumbo langu, na mimi nilishakata. Halafu Mungu akanipa wawili wamefuatana, wa kike wote. Minza ana miaka sita. Kabula ana minne.

Minza hayupo. Alhamisi ameenda kwa bibi yake mzaa baba, kijiji kimoja nyuma ya Isaka. Sio likizo. Ameenda kukaa.

Na aliyemtoa ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana tangu Alhamisi sijamweleza mtu na nyie mnajua mimi kitu kikikaa tumboni siku nne ni ugonjwa.

Minza amerithi jina la mama mkwe wangu. Kwetu huku mtoto akichukua jina la bibi, wale wawili wanakuwa kitu kimoja. Baba yake hamwiti Minza, anamwita mayu, yaani mama, kama anavyomwita mama yake mwenyewe. Siku anapewa jina nyumba ilijaa, wazee wa ukoo wamekaa, watu wanakula, na mimi nimekaa na kichanga changu roho kwatu. Mnanijua nikiwa na furaha. Nikamwinua yule mtoto juu, nikamwambia mama mkwe mbele ya watu wote: "Huyu ni wako, mama! Akianza kubeba maji, njoo umchukue!"

Watu wakacheka. Mama Suzi alicheka mpaka akajimwagia chai.

Mama mkwe hakucheka. Alipiga makofi taratibu, akakinga mikono yote miwili kama anapewa kitu, akasema, "Wabeja, mayu. Nimepokea."

Wabeja ni asante. Mimi nilikuwa natania, mwenzangu alikuwa anashukuru. Nikaendelea kula wali.

Bibi kuomba mjukuu akae naye sio kitu cha ajabu huku kwetu. Nusu ya mtaa huu wamelelewa na bibi zao, hata Baba Minza. Mpaka leo akila mlenda anasema haujafika ule wa bibi yake. Kwa hiyo msije mkaniandikia humu kwamba mama mkwe wangu ni mchawi. Sio mchawi. Ni mzee mwenye nyumba kimya. Baba mkwe amekufa, binti wa mwisho kaolewa, mama anaamka, anafagia uwanja ambao hakuna wa kuuchafua.

Sasa picha.

Simu yangu imepasuka kioo lakini macho yake mazima. Humo ndani nina picha za Minza na Kabula, Mungu anajua ni ngapi. Sio picha za sherehe, sherehe tunazipata wapi. Ni za kila siku. Kabula kavaa gauni nyuma mbele na hataki kuvuliwa. Wote wawili wamekaa chini ya cherehani wanagombania vipande vya kitenge, unaona miguu yangu kwenye pedeli na vichwa viwili. Minza ananiokotea pini kwa sumaku ya redio mbovu, ulimi kautoa nje, kana kwamba anafanya upasuaji. Minza anamsuka Kabula, na Kabula analia. Minza anamsuka mbuzi. Nyingi zimetoka na ukungu kwa sababu yule mtoto hatulii, ukimwambia moja, mbili, yeye tatu kashaondoka.

Nilikuwa nawashonea kwa mabaki. Mteja akileta kitambaa, kinachobaki ananiachia, naungaunga, natoa gauni mbili zinazofanana. Watu wakadhani ni mapacha. Nilikuwa nasikia raha watu wakidhani ni mapacha.

Miezi kama miwili imepita, Minza alitoka bombani na ile ndoo ndogo ya njano kichwani. Hajaishika. Mikono anairusha, shingo imenyooka, kavaa gauni lile la marinda. Nikamkimbilia na simu, na siku hiyo picha ikatoka safi, haina ukungu hata kidogo. Nikaiweka humu. Nikaandika, "Tazameni shingo hiyo, bibi yake mtupu!" Mlipenda sana. Mmoja akaniuliza bei ya marinda.

Shemeji yangu, mdogo wa Baba Minza, anapakia mizigo kwenye malori pale Isaka. Akaiona. Akatoka na simu yake akaenda kumwonyesha mama yake.

Mimi hata sikukumbuka yale maneno. Wallahi tena, na mimi ni Mkristo.

Jumanne iliyopita mama mkwe kaja, kashika kuku mkononi. Nikapiga goti, shikamoo mama, marahaba mayu, karibu, nikamtengea kiti, nikaanza habari zangu, hii ya nani kaachwa, ile ya nani kanunua pikipiki akaanguka nayo. Kasikiliza yote. Halafu akasema, "Nimemwona mtoto kwenye simu. Anabeba maji."

Mimi, kwa kujisifu, nikamjibu, "Tena hamwagi hata tone!"

"Basi nimemfuata," akasema.

Nilicheka. Nikamwangalia. Nikaacha kucheka.

Jioni Baba Minza karudi, wakaongea na mama yake kwa Kisukuma uani, taratibu tu, hakuna aliyepandisha sauti. Kisha akanigeukia. Yule mwanaume sio mbaya. Aliniuliza mbele ya mama yake, akanitazama machoni: "Mama Minza, na wewe unasemaje?"

Sikusema kitu.

Mimi. Mimi ambaye nikinyamaza saa moja majirani wanakuja kuniuliza kama naumwa. Mimi ninayeongea na mbuzi. Mume wangu ameniuliza habari ya mwanangu na nimeinamisha kichwa nachambua mchele ambao nilishauchambua.

Nikiwa mkweli hapa, sio huruma tu iliyonifunga mdomo. Huruma ilikuwepo, niliiona mikono ya yule mama, na anavyoshika nyonga akiinuka. Lakini kulikuwa na kingine. Mwaka juzi kuna mwanamke wa mtaa wa pili alimnyima mama mkwe wake mjukuu. Nilimsema. Nilimsema wiki nzima, bombani, sokoni, kanisani, nikamwigiza hadi anavyotembea. "Kazaa yeye peke yake huyo, mume alikuwa anashika taa!" Watu walivunjika mbavu. Na Jumanne hiyo nimekaa na ungo wangu nikawa nasikia kabisa watakavyoniigiza mimi.

Nikamwacha mwanangu aende ili nisisemwe.

Kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa nimekubali. Mama mkwe akapiga makofi tena. Wabeja, mayu.

Jumatano nilishona. Hiyo ndiyo lugha yangu nyingine. Nikamshonea gauni tatu, nikaacha pindo la ndani refu, vidole vinne, ili akirefuka lifumuliwe lishushwe. Nilipomaliza la tatu ndipo nikajiuliza, nani atafumua? Mama mkwe haoni uzi. Nikakaa nimelishika lile gauni nikalia mpaka Kabula akaja kunifuta na kipande cha bitana.

Alhamisi asubuhi stendi. Minza kashika mkono wa bibi yake, kafurahi, hajawahi kupanda basi la kwenda mbali. Akaniambia, "Mama, leo hunipigi picha?"

Nikamwambia simu haina chaji.

Ilikuwa na chaji. Niliogopa kumwangalia kwenye kioo nikiwa nimetulia, maana picha inakulazimisha umwangalie mtu. Basi likaondoka kwenda Kahama, waunganishe la Isaka, na mimi nikarudi na Kabula mgongoni. Njiani watu, "Mama Minza, mwangaluka! Mama Minza, habari za asubuhi!" Hilo jina nimelibeba miaka sita sikujua kama lina uzito.

Leo asubuhi nikasema nijikaze. Kuna kitambaa cha maua kilibaki kwa mteja wa Runzewe, nikakitandika mezani, nikapima, nikakata. Nimemaliza ndipo naona nimekata gauni mbili. Lile la Kabula nikaliunga harakaharaka, nikamvalisha, nikamsimamisha mlangoni kama kawaida yetu, nimpige picha.

Akasimama pembeni kabisa, ubavu umegusa fremu.

"Sogea katikati, mwanangu."

"Hapana," akasema. "Hapo pa Dada."

Picha nimeipiga hivyohivyo. Mlango nusu, mtoto nusu. Siiweki humu, mnisamehe.

Mama Suzi akapita, akasimama na kikapu chake. "Mwenzangu, mbona kimya? Cherehani imekufa?"

"Nimekufa mimi, cherehani nzima."

"Usinitanie. Nimekuja na habari ya mke wa mwalimu, moto!"

"Kaa nayo mpaka kesho."

Alinitazama kama nimeota pembe. Akaweka kikapu chini, akakaa kwenye ngazi. Miaka yote tumeishi jirani, hiyo ni mara ya kwanza tumekaa wawili bila kumsema mtu.

Ndipo simu ikalia. Ni namba ya mama mkwe. Nikapokea na shikamoo yangu mdomoni, kumbe ni sauti ndogo.

"Mama."

"Mwanangu! Hujambo? Umekula? Bibi hajambo?"

"Nimekula. Mama, nimeshamsalimia bibi. Nimemsalimia na babu mdogo, na mama wa jirani, na wote. Nimemaliza. Unakuja lini kunichukua?"

Hapo, ndugu zangu, kuna kitu kimoja sikuwaambia. Jumatano wakati namjaribisha gauni aliniuliza anaenda kufanya nini kwa bibi, nikamjibu, "Unaenda kumsalimia tu." Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Baba yake alidhani nimemwambia mimi. Bibi yake alidhani nimemwambia mimi. Watu wazima watatu tumemtoa mtoto nyumbani, na mtoto mwenyewe ameenda kufanya kazi aliyotumwa, amezunguka kijiji kizima anasalimia ili amalize arudi.

"Mama, unanisikia?"

Nikamwambia nakusikia. Nikamwambia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, namsikia hadi kuku wa bibi yake. Nikakata.

Mama Suzi alikuwa amesikia yote, ile simu yangu inapiga kelele hata ukiweka sikioni. Nikamngoja aseme. Akasema, "Nenda kamfuate."

"Nitasemwa."

"Utasemwa, eeh. Mimi mwenyewe nitakusema. Nenda."

Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja, kamasi zikanitoka.

Sasa hivi kaondoka, kamchukua Kabula akacheze kwake. Nimebaki na nyie na hili gauni la pili mezani, halina mtu ndani. Nimewaza hivi. Baba Minza akirudi kutoka karasha namwambia palepale mlangoni, kabla hajanawa huo unga wa mawe, kwamba lile swali aliloniuliza nimepata jibu lake. Anaweza kukasirika. Ana haki, aliniuliza kwa wakati wake.

Kisha keshokutwa napanda gari. Nitapiga goti uwanjani kwa mama mkwe nimwambie, mama, siku ile nilikuwa natania, na Jumanne nilikuwa naogopa. Njoo wewe ukae kwetu, chumba kipo, kelele zipo za kutosha. Na kama hataki kuacha nyumba yake, tupange likizo, tupange chochote, lakini mwanangu nipe.

Anaweza kusema hapana. Nilimpa mbele ya wazee na alipokea kwa mikono miwili, hilo silifuti. Nimejiuliza mchana kutwa, nikirudi mikono mitupu itakuwaje?

Sijui. Ila sitamwita pembeni, wala sitasubiri mtoto atumwe dukani. Nitaongea Minza akiwa amesimama hapohapo. Hata nikinyimwa, awe amenisikia mama yake nikimwomba.