Mtu wa Tatu Kwenye Safu ya Ngoma

Milwaukee,
17 Julai 2011

Mdogo wangu Bronek,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, wewe na shemeji Lorraine na wanao wote. Natumaini mu wazima huko Oregon na kwamba lile goti lako limetulia. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wakati wa theluji, lakini daktari alinipima akasema nina moyo wa farasi, nikamwambia hilo nilikuwa nalijua kabla hajazaliwa. Tangu Wanda wangu afariki, miaka mitatu sasa, chakula cha jioni nakula nimesimama pale jikoni. Kutandika meza kwa ajili ya sahani moja naona kama mchezo wa watoto.

Utashangaa kuuona mwandiko huu. Unajua niliacha shule mapema nikaingia kiwanda cha ngozi, na barua zote ulizopata kwangu aliandika Wanda, kazi yangu ilikuwa kupiga kelele nyuma ya kiti chake. Hii naiandika mwenyewe, leo siku ya nne. Nataka uje hapa tarehe ishirini Agosti. Lakini kabla hujakata tiketi kuna jambo lazima ulijue, na ukishalijua huenda usitake kuniona tena. Kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha wako. Nitalisema humu humu, ila niache nifike kwa miguu yangu, unajua sipendi kusukumwa.

Kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta, kikosi cha Mtakatifu Kunegunda, kinatimiza miaka sabini. Parokia yenyewe ilishafungwa. Watoto wa Kipolandi kikosini ni wa kuhesabu kwa vidole, wengi sasa ni Wameksiko wa mtaani hapa, na mwaka huu yupo mmoja aliyetoka Japani na godoro lake mgongoni. Lakini jina ni lile lile na joho jekundu ni lile lile. Miaka ishirini na miwili mfululizo hatujakosa fainali. Wenzetu wanashinda mwaka mmoja, mwaka wa pili wananyauka. Sisi hatunyauki.

Sasa hivi wako barabarani na mabasi yao, wanalala kwenye sakafu za shule, wanashindana leo Indiana kesho Ohio. Mimi zamani niliendesha lori la ngoma, siku hizi goti limekataa, wananiachia funguo za ukumbi. Kila asubuhi nafungua, nafagia, nafunga. Hakuna aliyechafua, lakini nafagia.

Kabla hawajaondoka, mwalimu wao wa ngoma siku hizi, binti mmoja anaitwa Marisol, alinijia na daftari. Ana miaka ishirini na sita na ulimi kama wembe. Alisema wanaandika kijitabu cha miaka sabini, na wanataka mzee wa kikosi aeleze kwa nini sisi hatuanguki. Nikamwambia aongeze daftari la pili. Nilizungumza saa mbili. Nikamweleza kwamba ngoma tisa zikilia kama tisa umeshindwa, lazima zilie kama moja. Kwamba kijiti kinainuka sentimita ileile kwa kila mtu, hata kwa yule anayejiona fundi. Kwamba tunarudia hatua nane mpaka nyasi zinaota upara. Nikamweleza enzi zetu waamuzi walivyotembea katikati yetu na ubao mkononi, kila kosa wanakata sehemu ya kumi ya alama, na jinsi mwamuzi mmoja alivyosimama mbele yangu dakika nzima mwaka wa hamsini na saba, akaondoka na karatasi nyeupe. Marisol akaniambia, babu, kila ukiisimulia hiyo dakika inarefuka, mwaka kesho mwamuzi atakuwa amelala hapohapo miguuni pako. Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha ngoma. Nikawaambia wacheke, lakini ule mwaka tulikuwa mabingwa wa taifa na mtu wa tatu kwenye safu ya ngoma nilikuwa mimi.

Wiki moja baadaye alirudi bila kicheko. Walikuwa wamepata orodha ya hamsini na saba, ile iliyopelekwa kwa waandaaji wa mashindano pamoja na vyeti vya ubatizo vya kuonyesha umri, maana wanataka kuchonga majina ya mabingwa ukutani. Alisema, babu, nimesoma mara tatu, jina lako humu halimo. Yupo Kuchta mmoja tu. Bronislaw.

Nikamwambia makarani wa zamani walikuwa walevi. Akaniamini, Bronek. Akasema basi atasahihisha, wachonge Zygmunt. Nikampa mkono kabisa, nikamshukuru.

Sasa nisikilize. Mwezi Machi mwaka ule nilitimiza ishirini na moja, na sheria ya mashindano haikuwa na huruma: ukishafika hapo unavua joho. Kwaheri yangu ilishaandaliwa, Mama alishapika hata zile pierogi, sambusa za kuchemsha za kabichi. Lakini ule mwaka tulikuwa tunashinda, kila mtu alijua, nami nilikuwa nimeteseka miaka saba kwenye mvua na jua nikisubiri mwaka kama ule. Nikafungua bati la Mama la karatasi za nyumbani, nikatoa cheti chako cha ubatizo, nikampelekea mwalimu wetu wa ngoma, Ruhl. Alikisoma, akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema basi mbele ya mtu yeyote mwenye karatasi mimi ni Bronek.

Kilichobaki unakijua, ila hujui kwa nini kilitokea. Mwezi Aprili ulikuja ukumbini kufanya jaribio. Ulikuwa na miaka kumi na minane, umefanya mazoezi miaka mitatu juu ya ubao wa kukatia nyama mpaka Baba akatishia kuutia motoni. Ulipiga, na mwalimu akakuambia mkono wako ni mzito, haufai ngoma, ujaribu kubeba bendera. Ukaniangalia mimi, kaka yako, nikutetee. Nikaangalia dari.

Mkono wako haukuwa mzito. Jina lako lisingeweza kuandikwa mara mbili, basi. Ulipotoka, mwalimu alikaa juu ya sanduku la ngoma akasema katika miaka yake yote hajawahi kusikia kijana wa mtaani hapa mwenye mkono mwepesi kama ule, na kwamba kama ningevaa aibu badala ya joho ningekimbia kukuita. Na yale maneno ya mkono mzito hakuyatunga yeye. Kabla hujaingia aliniuliza akuambie nini, mimi ndiye niliyempa.

Sikukimbia. Ulichoma vijiti vyako uani, na Septemba ukapanda treni kwenda magharibi kufanya kazi ya mbao. Miaka hamsini na minne kila nikikutajia kikosi unacheka unasema wewe na ngoma wapi na wapi. Huwa nacheka nawe, nikikata simu nakaa.

Nilishinda, ndiyo. Ile karatasi nyeupe ya mwamuzi ni kweli tupu, ila dakika haikuwa nzima. Medali ilikuja kwa posta mwezi Oktoba, imechongwa B. Kuchta. Wenzangu wote walitundika zao sebuleni. Mimi mwenye mdomo kuliko mtaa mzima niliwaambia watu yangu imepotea stesheni. Iko ndani ya soksi, hata Wanda hakuwahi kuiona.

Na lile swali la Marisol sikumjibu kweli. Kurudia hatua nane kila kikosi kinarudia. Mwalimu Ruhl alikuwa na desturi moja ambayo wenzetu hawakuwa nayo: kila mpigaji, mwaka wake wa mwisho, anasimama na mdogo nyuma ya bega lake, anamfundisha mpaka kupumua, halafu siku yake ikifika anaondoka, hata kama kikombe kiko mbele ya macho. Kwa hiyo safu haibaki na tundu. Mimi peke yangu sikuondoka, na nyuma ya bega langu hakukuwa na mtu. Mwaka uliofuata tukaweka pale kijana wa kuokoteza. Miaka minane hatukuiona fainali. Watu wakasema bahati imegeuka. Na mimi nikaitikia pamoja nao, Bronek.

Jumapili iliyopita nilimpigia Marisol, wako kwenye basi, makelele matupu. Nikamwambia jina liachwe kama lilivyo kwenye orodha, na nikamwambia kwa nini. Halafu akasema, babu, ni mtu mbaya wewe, na akaniuliza kama nimekula. Ameahidi kutosema kwa vijana mpaka uwe umeipata barua hii.

Siku ya ishirini, kwenye sherehe ya miaka sabini, mabingwa wa hamsini na saba wataitwa mmoja mmoja, na anayeitwa anajibu kwa pigo moja la ngoma. Waliobaki hai ni wanne. Jina lako litaitwa la tatu. Wameweka vijiti na ngoma yenye mkanda wa urefu wako, niliwapa mimi kipimo kwa kukisia. Ukija nitakupokea uwanja wa ndege, ukitaka kunipiga unipige hapohapo tumalize. Usipokuja litaitwa vilevile. Wameniomba nijibu kwa niaba yako, nimekataa. Pakae kimya pale, muda wa pigo moja, watu wasikie.

Msalimie shemeji, mwambie jibini aliyotuma Krismasi niliimaliza peke yangu. Wabusu wajukuu. Mchana nipo ukumbini, jioni nipo nyumbani, namba ya simu haijabadilika.

Kaka yako,
Zygmunt