Upinde wa bei ya chini

Kaka, nimeumbuka! Mbele ya baba mkwe!

Si unajua ninavyojitapa kuhusu pinde? Leo akanipeleka dukani nimkagulie wa bei nafuu.

Nikachukua wa bei ya chini kabisa, nikautia kamba mwenyewe, nikauvuta. Ukalia kama kitanda cha gesti. Nikatangaza duka zima lisikie: "Mzee, huu ni ukuni!"

Muuzaji akaniambia taratibu, "Bosi, umeukunja kinyume. Ncha zake zinatakiwa kutazama mbele."

KINYUME, kaka! Mimi mtaalamu!

Akautia kamba upya. Mzee akauvuta, kimya, laini. Mishale mitatu, yote katikati ya shabaha ya majaribio pale dukani.

Ameununua, na kesho tuna mazoezi ya kulenga. Nikamwuliza kwa aibu, "Kesho mazoezini nije na nini, baba?"

"Njoo hivyohivyo. Utanishikia shabaha."