Injini Ikae Mbele

Sagana,
Alhamisi, 14 Machi 2024

Kaka Ngatia,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na Murugi na watoto hawajambo huko Chaka. Huku mvua imeanza na mahindi yameota. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo, mengine ni hasira tupu.

Nimesikia Jumapili utamshtaki Theuri mbele ya wazee wa kanisa, ati alihongwa ndipo akalikataa gari letu la mashindano. Nimesikia pia kwamba siku ya kumzika mama yake ulifungua gereji ukagonga mabati mchana kutwa, ilhali boma lao liko ng'ambo ya barabara tu. Aibu gani hii! Mama yule alikubeba mgongoni.

Theuri ni mkaguzi tu. Sheria mpya inasema magari ya daraja letu yabaki na injini pale kiwanda kilipoiweka, yaani mbele. Wewe uliihamishia nyuma ya kiti, miaka miwili ya kukata na kuchomelea. Sikatai, kwenye mlima magurudumu yalishika vumbi kuliko gari lolote la Kieni. Lakini kwenye kona, ukiondoa mguu kwenye mafuta, mkia unatangulia. Agosti lilizunguka nami mara mbili, likasimama hatua tatu kutoka kwa akina mama waliokuwa wakiuza chai. Nilikwambia siliendeshi tena. Ukacheka mbele ya mafundi wako, ukasema nitafutiwe sketi, na kwamba mdogo hamkatalii mkubwa.

Sasa keti kwanza. Aliyeiandikia kamati ya mashindano kuomba sheria hiyo ni mimi. Kurasa nne, na kona ile nikaichora, na sahihi yangu chini. Theuri alijua. Nilimsihi asiseme, naye amemeza matusi yako miezi miwili bila kunitaja. Kukukatalia usoni mara ya pili nilishindwa, nikaona heri kamati ikukatalie. Huo ni woga wangu, nao naona haya. Sheria yenyewe sioni haya nayo, hata leo ningeiomba tena.

Jumapili nitakuwa kanisani, benchi la mbele. Ukilitaja jina la Theuri, nitasimama nisome nakala ya barua ile yote, na habari ya sketi nitaiongeza.

Nisalimie Murugi, na watoto mmoja mmoja. Wewe sikutumii salamu mpaka uvuke barabara ukampe Theuri pole ya mama yake.

Ni mimi mdogo wako,
Gicheru