Matofali Sitini kwa Mita

Jumatatu, 6 Oktoba

Fungu la mwisho limefika asubuhi. Matofali mia moja na tano. Nimeyahesabu mara mbili. Familia thelathini na sita za mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, kila moja imechoma fungu kama hilo na kulileta yenyewe. Jumla elfu tatu mia saba na themanini, kama nilivyokadiria: ukuta wa shule wa mita thelathini, kimo mita mbili, matofali sitini kwa mita ya mraba, na ziada kidogo ya yatakayovunjika. Mwenyekiti wa kamati aliisoma hesabu hiyo kanisani. Kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuoni. Fundi Kilonzo anaanza kesho. Watoto wa chekechea wataepukana na vumbi la barabara.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ukuta umefika kiunoni. Mwembamba mno. Nimerudi ofisini kufungua mchoro. Upana inchi tisa, yaani matofali mawili ubavu kwa ubavu. Sitini ni hesabu ya ukuta wa upana wa tofali moja. Nilihitaji mia moja na ishirini kwa mita.

Nimekosea nusu nzima.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilimuuliza fundi, kana kwamba sijali, mbona mwembamba hivi. Akacheka. "Karani, si wewe ndiye umesoma? Umeniletea matofali ya ukuta mwembamba. Mnene nijenge na nini, na ugali?"

Alidhani kamati ndiyo iliyoamua. Sikumwambia. Mimi ni mwoga.

Jumanne, 14 Oktoba

Umekwisha. Watu wamekuja kuusifu. Mama Mumbua, aliyefyatua fungu lake peke yake kule mtoni, bado anashika kiuno akitembea. "Tumemaliza yetu, karani. Ukitaja tofali tena tutakukimbiza mpaka mjini Wote." Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Walipoondoka niliusukuma kwa kiganja. Niliuhisi ukiyumba, kisha ukikirudisha kiganja.

Jumatano, 15 Oktoba

Mchana jua huwa upande wa barabara, kivuli kinaangukia uani. Mwalimu Ndunge ametoa benchi la chekechea akaliweka pale. Watoto ishirini na wawili, migongo ukutani.

Nilimwomba awahamishe. Kwa nini? Nikasema kuna siafu. Aliinama akatafuta kila mahali. "Siafu wako wako wapi, karani?"

Nilirudi ofisini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Lori la mchanga limepita. Nilikuwa nikitazama mstari wa juu wa matofali. Ulicheza. Mtoto mmoja aligeuka kuutazama, kisha akaendelea kuimba.

Sijala tangu asubuhi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mawingu juu ya vilima. Upepo.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia yote. "Ile hesabu niliisoma mbele ya watu. Nisimame tena niseme nini?" Nikasema nitasimama mimi. Akasema tungoje mpaka watu wamalize kupanda.

Sikungoja. Nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu Ndunge, safari hii nikamwambia ukweli, bila siafu. Aliwaingiza watoto darasani wawili wawili na kufunga mlango. Benchi lilibaki nje.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilisimama baada ya matangazo. Sentensi tatu tu. Hesabu ile ni yangu. Ni nusu ya iliyotakiwa. Ukuta utaanguka.

Mama Mumbua alinitazama mpaka nikaketi. Mwenyekiti alitazama sakafu.

Mvua haijanyesha bado.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Wanaume walikuja kuujaribu. Fundi Kilonzo aliweka bega upande wa barabara akasukuma mara moja, si kwa nguvu. Ulianguka wote, ndani ya ua. Vumbi lilipotulia tuliona vipande vya benchi chini ya matofali. Mwalimu Ndunge aliingia darasani akakaa huko peke yake.

Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyenisalimia pia. Mama Mumbua alianza kuokota yaliyo mazima na kuyapanga kando, wengine wakamfuata. Baadaye fundi akaniuliza yanahitajika mangapi. Jibu nilikuwa nalo kichwani. Sikulitoa. Nilimpa ncha moja ya utepe wa kupimia, nikaenda na nyingine mpaka mwisho wa msingi, nikamwomba asome kipimo yeye kwanza.

Alisoma polepole. Nikaandika.