Hodi ya Kwanza

Mpendwa Hamisi, mtoto wa kaka yangu,

Barua ya kawaida humuuliza mtu hali yake kwanza. Yako sijui niiulizeje, kwa hiyo naanza na yangu: mimi shangazi yako ni mzima, mguu unanisumbua kama zamani, mawese yanauzika, na mlango wangu bado una rangi mbili.

Bila shaka unaukumbuka. Ulianza kuupaka kijani kutoka juu ulipompenda Mwajuma wa hapa hapa Ujiji, kwa sababu alisema kijani hutuliza macho. Ulipofika kwenye kitasa ukamwona Riziki wa Buzebazeba kwenye harusi ya watu, kesho yake ukarudi na kopo la bluu. Nikakuuliza, "Na Mwajuma?" Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwaka juzi. "Shangazi, yule nilimzoea tu. Huyu ndiye." Bluu nayo haikufika chini. Mbao za mwisho ziko tupu hadi leo, na kila mgeni ananiuliza fundi alikwenda wapi.

Ulikuwa hivyo kwa kila kitu. Ulijifunza kushona, ukaniachia gauni la mkono mmoja. Ulijifunza kunyoa, jirani yetu akatembea wiki nzima na kofia. Hata hodi hukuwa na subira nayo. Watu wenye adabu hupiga hodi, hungoja, hupiga tena, na ya tatu isipojibiwa huondoka zao. Wewe ulikuwa unasema "hodi" huku umeshafunua sufuria yangu. Nikikugombeza unacheka: "Shangazi, nikingoja karibu, mboga inapoa." Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nilikuambia mara ngapi?

Halafu ukaenda Mwamgongo kutengeneza taa za wavuvi wa dagaa, ukarudi na jina la Zawadi mdomoni. Riziki alikuwa bado anakungoja na posa yake. Baba yako alikataa kabisa kutuma wazee, maana walishaona haya mara mbili. Nikabaki mimi. Nilipanda boti pale Kibirizi nimenuna, nimejifunga kanga mpya, nimeapa kwamba huo ndio ushenga wangu wa mwisho.

Nilimkuta Zawadi anaanika dagaa mchangani. Hakuzunguka. "Shangazi, ni kweli anabadilika badilika?"

"Ni kweli," nikamwambia. Sikuona sababu ya kumficha mtoto wa watu.

Akageuza dagaa wake, akafikiri. "Basi mimi nitamfundisha kungoja."

Hapo hapo nikampenda. Wazee wake waliniomba nilale, kwani baba yake mkubwa alikuwa kijiji cha pili na neno hilo halikuweza kusemwa bila yeye. Simu yangu iliisha chaji. Asubuhi baba mkubwa alifika, wakakaa, wakaongea, wakakubali. Nikashuka ufukweni nikiwa mwepesi kama msichana, nimebeba jibu lako.

Lakini wewe usiku mmoja ulikushinda. Mtu alikuambia amesikia ngoma za harusi Mwamgongo. Ni kweli zilipigwa, jirani yao alikuwa anaozesha. Hukuuliza harusi ni ya nani. Ukachukua mtumbwi wa rafiki yako alfajiri, wewe ambaye hata kasia hukumaliza kujifunza, ukaelekea kaskazini.

Tulipishana, Hamisi. Boti letu lilikuwa linateremka, na kule karibu na milima ya Gombe nikaona kimtumbwi na mtu amesimama ndani yake, shati la njano. Nikamwambia mama niliyekaa naye, "Mtazame mjinga yule, anasimama kwenye mtumbwi kama yuko barabarani." Tukacheka sote wawili. Jibu lako lilikuwa kifuani mwangu na boti likapita.

Mchana upepo ukaja. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Wewe hukupatikana. Wa Mwamgongo wakapiga simu kwamba wameona shati la njano kwao, wanaume wakaenda, wakakuta maji matupu. Kesho yake likaonekana huku Ujiji. Tukakimbia na mashuka, hakuna kitu. Jioni wakasema liko tena kaskazini. Baba yako alikaa chini mchangani akasema, "Hata sasa hajaamua." Alikuwa analia, lakini naapa kulikuwa na kicheko ndani yake, na sisi wengine tuliinamisha nyuso. Tukakuswalia sala ya ghaibu, tukasoma hitima, tukarudi nyumbani bila kaburi.

Zawadi hakulia. Wakasema ana moyo mgumu. Miezi ikapita, kisha mama yake akanipigia asubuhi moja, akanisalimia kwa Kiha: "Mwakeye, mkwe. Njoo umwangalie huyu mtoto. Kila magharibi anakwenda majini. Anasema anaongea na Hamisi." Akashusha sauti. "Mwanzo zililowa nyayo tu. Jana alirudi kiuno kimelowa."

Nikaenda, na mguu wangu huu. Magharibi tukasimama ufukweni yeye na mimi. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa bado haijawasha taa. Ziwa lilitulia, likawa zito kama mawese yaliyoganda. Zawadi akaingia hadi magotini, akasimama kama mtu aliye kizingitini kwa watu.

"Hodi," ikasema kutoka majini.

Ilikuwa sauti yako. Sitasema ilifanana na yako, ilikuwa yako, na kile kikwaruzo cha kooni ulichopata ulipougua surua. Karibu ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu.

Mawimbi madogo yakaja, yakarudi. Nikangoja kukuona ukitokea, umelowa, unauliza kuna nini cha kula. Hakuna aliyetokea.

"Hodi."

Taratibu vile vile. Kwa adabu vile vile. Zawadi akanigeukia, uso wake umejaa furaha. "Umemsikia, shangazi? Siku hizi ametulia. Amejifunza kungoja."

Hamisi, nilirudi nyuma hatua moja. Sote tulikuombea subira. Baba yako aliiomba, mimi niliiomba, marehemu bibi yako aliiomba hadi anakata roho. Na sasa kulikuwa na kitu mle majini chenye sauti yako na subira yote ile, kinangoja kama paka mbele ya tundu la panya. Nikajua. Ukiwa hai hukuwahi kupiga hodi ya pili. Huyo si wewe.

Nikaingia majini na viatu vyangu, nikamkamata kanga, nikamvuta. "Usiitikie!" Akapigana nami. Ya tatu ikaja nyuma yetu wakati namburura mchangani, haikupandishwa wala kushushwa, kama ya mgeni anayejua kwamba mwenyeji yumo ndani.

Nikaja naye Ujiji. Hakunisamehe. Alikaa kitandani ameutazama ukuta, chakula anakigusa tu, na alishaniambia kwamba Ijumaa anapanda boti kurudi. Nilimweleza yote kuhusu pupa yako, nikamwonyesha mlango, nikamwonyesha hata lile gauni. Akanijibu, "Watu hubadilika wakifa, shangazi." Nilikwenda uani nikalia peke yangu, maana niliona namsubiria mtoto wa watu afe mikononi mwangu.

Basi ikawa jana. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo uani, samaki aina ya migebuka wameshaiva kwa mawese, nimewatenga ndani kwenye sufuria na mfuniko juu. Zawadi yuko sebuleni. Adhana ilikuwa imemalizika muda si mrefu.

"Hodi!"

Moja tu. Kabla kinywa cha mtu hakijafunguka, pazia likawa limeshainuka na mlango wa rangi mbili umegonga ukuta. Nikakimbia na mwiko mkononi. Hakukuwa na mtu. Zawadi amesimama anatazama sufuria. Mfuniko ulikuwa chini, umelala chali, unacheza cheza, na mvuke unapanda.

Tukangoja ukae. Hukukaa. Lini uliwahi kukaa?

Zawadi akaanza kucheka, huku amejishika tumbo. Kisha kicheko kikageuka, akalia kile kilio alichotunyima matangani, na majirani wakaja wakidhani nimefiwa tena. Alipopata pumzi akasema, "Huyu ndiye." Akanishika mkono. "Shangazi, basi yule wa ziwani ni nani?"

"Sijui, mwanangu. Na hatutamuuliza."

Alikula sahani mbili. Leo ni Ijumaa, boti limeondoka bila yeye. Asubuhi aliniomba brashi ili amalize zile mbao za chini, nikamkatalia. Mlango utabaki hivyo hivyo, usije ukaupotea.

Nimeiandika barua hii wazi kwa sababu watu wa Mwamgongo wanateremka ufukweni kila jioni, na ipo siku mwingine atasikia sauti anayoipenda ikipiga hodi kwa adabu. Wasome. Lakini zaidi nimeiandika kwa sababu nilitumwa, na mshenga hakai na neno la watu. Jibu lako hukulingoja, nami nimelibeba tangu boti lile. Walikubali, Hamisi. Baba mkubwa alikubali, mama alikubali, na Zawadi alikubali kabla yao wote. Ngoma zile hazikuwa za harusi yake.

Sasa umelipata. Nenda, baba, usikae. Maisha yako yote nilikugombeza kwa kutokaa, na leo ndicho ninachokushukuru.

Ukipita tena, sufuria unajua ilipo. Nyumba hii haiitikii hodi ya pili.

Ni mimi,
shangazi yako na mshenga wako