Kumtafuta Babu Kobe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na goti lako limepunguza hasira angalau uweze kukanyaga cherehani bila kuuma meno. Mama naye vipi? Mara ya mwisho tulipoongea alinijibu kwa ndiyo na hapana tu, nikajua hali. Mimi afya ninayo. Naenda kazini, nakula ninapokumbuka.

Utashangaa kuona barua ilhali simu ninayo mkononi kutwa nzima. Kwenye simu wewe huuliza haraka, nami hukujibu haraka, na majibu yangu ya haraka siku hizi si ya kweli. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shangazi anasafiri leo, nimemkabidhi bahasha hii na kumsihi akupe wewe mwenyewe, ukiwa umeketi.

Uliniagiza kazi moja. Ulisema polisi wameandika maelezo lakini mambo ya kompyuta yanawapiga chenga, kwamba mimi ndiye mtaalamu wa nyumba hii, nimtafute huyo mtu wa kwenye gemu anayejiita Babu Kobe, aliyemrubuni mdogo wangu mpaka akafunga begi na kuondoka. Ukaongeza kwamba nikimpata nisimguse, nikuachie wewe na mkasi wako wa kukatia suti. Nimempata, baba. Ila nikikutajia tu hutaelewa, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unaikumbuka ile kompyuta tuliyoiunga mimi na mdogo wangu kwa vipande vya kuokoteza? Feni yake ilipiga kelele kuliko cherehani yako, ukalalamika kwamba nyumba ina mashine mbili na inayoleta ugali ni moja. Tulikuwa tunacheza gemu ya vita, watu wawili kwenye kibodi moja: yeye anaendesha kifaru, mimi napiga risasi. Mtoto yule anayeshindwa kutaja jina lake mbele ya mgeni, herufi ya kwanza ikimkaba koo mpaka mgeni anaangalia pembeni, humo ndani alikuwa anatoa amri kama jenerali. Kwa maandishi. Vidole vyake havina kigugumizi.

Nilipopata kazi huku nilimwahidi tutacheza kila nikitoka ofisini. Mwanzoni nilitimiza. Lakini mtu mpya kwenye kitengo cha kompyuta ni mali ya kila mtu. Printa ikikwama ni mimi, mhasibu akisahau nenosiri ni mimi, meneja akichomoa waya kwa kiatu chake na kutangaza kwamba mtandao umekufa ni mimi, nitatambaa chini ya meza huku ameketi juu yake akiniuliza nimefikia wapi. Kampuni inasafirisha mizigo. Mfumo ukilala, malori yanalala na madereva wanatukana. Nikirudi chumbani hamu ya kucheza ilikuwepo, tena nyingi, nawasha mashine naitazama tu. Mkuu wa kitengo alikwishanieleza kwamba niko kwenye majaribio na wanaoitaka nafasi yangu wamejaa getini. Meseji za mdogo wangu zilikuwa zinaingia, "Upo?", nami nanyamaza. Baadaye akaacha kuuliza.

Ndipo uliponipigia kusema haendi chuoni, anashinda mbele ya kioo cha kompyuta, nimfungie. Sitakuficha, nilifurahi. Nilijiona nimekuwa mtu mzima wa kutegemewa. Nilifanya kazi ile nikiwa ofisini, wenzangu wamekwenda kula. Niliingia kwenye kompyuta yake kwa mtandao nikaweka kufuli: saa moja kwa siku, kisha kioo kinakuwa cheusi na kuonyesha maneno niliyoyatunga mwenyewe, "Muda umekwisha. Nenda kasome." Ulinisifu siku ile. Mdogo wangu hajapokea simu yangu tangu hapo.

Haukupita muda Babu Kobe akajitokeza. Mdogo wangu alikuwa amehamia gemu nyingine, ya kujenga ngome na kuilinda, na huyu bwana akaomba kujiunga na kikosi chake. Alijitambulisha kuwa fundi wa kompyuta mstaafu, mzito wa vidole, kipaza sauti kibovu, mashine inajikokota, ndiyo sababu ya jina. Mazungumzo yao ninayajua yote. Mdogo wangu alimchukua kama mtoto wa darasa la kwanza, akimwonyesha pa kuweka ukuta, pa kuficha chakula, akimwambia taratibu babu, hakuna anayetufukuza. Sikujua kama ana subira kiasi hicho.

Na alimweleza mambo. Alimweleza kwamba pale chuoni kuna mwalimu ambaye darasa likianza kusinzia humsimamisha yeye asome kwa sauti, ili watu waamke kwa kucheka. Kwa sababu hiyo aliacha kwenda. Si uvivu, baba. Sisi hakutuambia, nasi hatukumuuliza, tuliweka kufuli. Alimweleza pia habari za kaka yake, kwamba amekuwa bosi anayefungia watu kwa mbali. Maneno yake nayaandika kama alivyoyaandika: "Zamani nikikwama kuongea yeye ndiye alikuwa ananisubiri mpaka nimalize. Sasa hata saa yenyewe hanisubiri." Kisha saa yake ikaisha na kufuli likamkata katikati ya neno lililofuata.

Mtu mwenye akili timamu angekupigia wewe siku hiyohiyo. Babu Kobe hakufanya hivyo. Alimbembeleza, akamwambia kwamba ana meza kubwa ya ufundi nyumbani kwake na anahitaji kijana mwenye mkono mwepesi. Alisema hayo ili kumtia moyo tu. Mtoto aliyashika. Akaanza kuuliza atakuja lini, atalala wapi, alete vifaa gani. Mwisho wakakubaliana Jumamosi, kwenye stendi ya mji huu ninaokaa mimi, mbele ya dirisha la tiketi.

Baba, weka mkasi chini. Babu Kobe ni mimi.

Nilifungua jina lile kwa sababu nilimkumbuka mdogo wangu na yeye hataki kunisikia. Nilikusudia kumwona mara moja na kutoka. Lakini nilikuta ananifundisha, anacheka na mimi, ananiita babu, na mimi kazini sina anayeniita isipokuwa kuna kitu kimeharibika. Kufuli ningeweza kuliondoa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sikuliondoa kwa sababu ningelazimika kukuambia kwamba nimekosea, na wewe ulikuwa umenisifu.

Niliafiki aje kwa nia njema, hilo naomba uliamini hata kama hutaamini mengine. Nilipanga nitokee mbele yake, nicheke, nimkumbatie, nimpeleke chumbani kwangu, nikupigie simu tukiwa wote wawili. Nilifika mapema. Yeye alikuwa amefika mapema zaidi. Amevaa lile shati ulilomshonea la mistari, begi mgongoni, na mapajani amepakata kibodi yake, ameifunga kwa sweta. Alikuwa anamkagua kila mzee anayepita. Mmoja alipopunguza mwendo, mdogo wangu akasimama, akajaribu kumuuliza kama ndiye. Niliona kidevu chake kinavyohangaika. Mzee akatabasamu kwa huruma, akampa sarafu, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Kutoka pale mpaka alipo ni kama kutoka kwenye cherehani yako mpaka mlangoni. Sikwenda. Niliona aibu, baba, na aibu yenyewe ilikuwa yangu: nitamwambiaje kwamba siri zote alizompa mgeni alikuwa anampa aliyemfungia? Simu ikalia. Mkuu wa kitengo: seva imeanguka, malori yamesimama, nije sasa hivi au nisije tena. Nikashukuru. Huu ndio ukweli wenyewe, nilishukuru kwamba kuna mahali pengine ninapotakiwa. Nikajiambia atasubiri kidogo, au atachoka arudi nyumbani kwa basi lilelile.

Seva tuliinyanyua, mkuu akanipigapiga begani na kusema majaribio yangu yamekwisha, nimeajiriwa. Niliporudi stendi benchi lilikuwa tupu. Karani wa tiketi alimkumbuka kwa sababu ya sweta. Aliniambia kijana yule alikaa mpaka wakafagia chini ya miguu yake, kisha akaja dirishani kuuliza kitu. Kitu gani? Karani alisema hajui, foleni ilikuwa ndefu na yule kijana neno halimtoki, akamwambia apishe wenzake. Akapisha. Karani hakuona alikoelekea.

Tangu hapo nimezunguka na picha yake kwenye hospitali, vituo vya polisi na gereji za malori. Nyinyi mlidhani namtafuta Babu Kobe.

Juzi jina lake liliwaka kwenye gemu. Aliingia kwa mashine nyingine, sijafaulu kujua iko wapi, na akamwandikia Babu Kobe: "Hukuja. Au ulikuja ukanisikia naongea, ukabadili nia." Nikamjibu kwamba ni mimi, kaka yake, kwamba nilikuwepo na nilimwona, kwamba kufuli nimeliondoa, kwamba aniambie tu alipo. Alama ikaonyesha ameusoma ujumbe. Jina likazimika. Halijawaka tena, na kazini nimeiacha gemu wazi pembeni ya kioo, wanione wakinifukuza wanifukuze.

Nenda polisi, baba. Waambie waache kumtafuta mzee wa kwenye kompyuta, hayupo na hakuwahi kuwepo, wamtafute mtoto. Wakiuliza nani alimwita, nitaje kwa jina langu kamili na mahali ninapofanya kazi. Ukitaka kunijia na huo mkasi, njoo, sitakimbia. Mama umweleze wewe kwa namna unayojua. Nisalimie majirani waliolala nje kumtafuta, na shangazi umshukuru, hajui alichobeba.

Jambo moja la mwisho uwaambie askari. Wakimpata na kumuuliza jina, wasimalizie wao. Wamsubiri.

Mwanao mkubwa